Mkunjo wa Asubuhi ya Baridi

Mume wangu alikuwa fundi, na alipenda aitwe hivyo. Walipompa ukuu wa chumba cha majaribio, barua ilikuja nyumbani ikimwita mtaalamu mwandamizi. Aliisoma mara mbili, akaikunja mara nne, akaisokomeza chini ya mguu wa meza uliokuwa ukicheza. "Sasa imepata kazi," alisema. Mimi ndiye niliyeitoa pale, nikaipiga pasi, nikaitia kwenye fremu. Nyumbani kwetu yeye alifanya kazi na mimi nilitunza jina. Tuligawana hivyo tangu mwanzo na hakuna aliyelalamika.

Kazini walimwita Mzee Mkunjo. Asiyejua angedhani ni kwa sababu ya mgongo, maana alitembea ameinama kidogo kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Lakini jina lilitokana na kazi yenyewe. Kituo chao kilipima inveta, yale masanduku yanayopokea umeme wa paneli za jua na kuugeuza uwe umeme wa kutumia nyumbani. Kila aina iliyoletwa na waagizaji ilipaswa kupita chumbani mwake kabla ya kwenda kufungwa kwenye zahanati na shule. Huwezi kulipima sanduku la namna hiyo kwa kulitoa nje tu, kwa sababu jua halifuati ratiba ya mtu. Kwa hiyo walikuwa na kabati refu la chuma, lenye feni inayovuma na kioo upande wa juu, linalotoa umeme kwa kuiga paneli. Waliliita Jua la Kabati. Ukitaka asubuhi, linakuwa asubuhi. Ukitaka mchana wenye mawingu, haya. Lakini lazima uliambie, na kuliambia ndiko kulikokuwa kazi yake.

Nilipomuuliza mara ya kwanza analiambiaje, alicheka.

"Paneli si kama betri, Mwalimu," alisema. Aliniita hivyo hata tukiwa wawili, ingawa nilikuwa mwalimu wa hesabu wa watoto wa wenzangu, si wake. "Paneli ni kama mtu mwenye heshima zake. Ukimwomba kidogo, anakupa bila kubadilika uso. Ukizidisha, anainama. Ukivuka kiasi chake, anapiga goti, na hapo hana kitu tena."

Akanichorea. Chini alipima volti, pembeni alipima ampea. Mstari ulianza kushoto umelala kama ukingo wa meza, ukaenda hivyo mwendo mrefu, halafu ukapinda ghafla na kuporomoka hadi chini kabisa. Pale pa kupinda aliita goti. Mstari mzima aliuita mkunjo, na kila saa ya mchana ilikuwa na mkunjo wake. Paneli ikipata joto, mkunjo unasogea kushoto, volti zinapungua. Ikiwa baridi, unasogea kulia, volti zinapanda. Ndiyo maana hatari ya inveta haiko saa saba mchana kama watu wanavyodhani. Iko asubuhi ya kipupwe, jua linapochomoza na kuikuta paneli bado imeganda.

Kulikuwa na njia ya mkato. Unaipa mashine namba nne tu, nayo inachora mkunjo laini yenyewe. Wenzake wengi waliridhika na hizo nne. Yeye alisema huo ni mkunjo wa picha ya harusi, kila mtu kapakwa poda. Alitaka kuingiza jedwali, alama sitini, kila alama na volti zake na ampea zake, zilizopimwa juu ya paneli ya kweli. Na kwa kuwa kituo kilifunguliwa saa mbili, na asubuhi ya baridi haingoji ofisi ifunguliwe, paneli ya kweli ilikuwa ya kwetu, juu ya paa bapa la nyumba yetu, nilikoanika nguo.

Saa moja na nusu tulikuwa juu. Yeye na mita zake mbili na kizuizi cha kuzungusha, mimi na daftari na sweta mbili. Anazungusha kidogo, anasoma. Mimi naandika.

"Thelathini na tisa na nusu, sifuri."

"Andika wewe basi, mbona unanisomea kama naandikishwa imla."

"Mikono imeganda. Thelathini na tisa, nukta tatu."

Jioni, baada ya chai, alinisomea tena zile namba na mimi nikazitia kwenye karatasi ya miraba kwa penseli. Hakutuma jedwali lolote kwenye Jua la Kabati kabla sijalichora. Alisema mkono unaochapa unaweza kuteleza na kioo kisiseme kitu, lakini mimi nikiona alama imekaa vibaya nitasema, tena kwa sauti. Ni kweli. Miaka kumi na tatu sikumpitishia hata moja.

Katika mikunjo yote ya asubuhi kulikuwa na bonde dogo. Mstari ulikuwa umelala vizuri, halafu ukashuka kidato kimoja kabla ya kufika kwenye goti. Nilipouona mara ya kwanza nilimwambia amekosea kusoma. Akanipandisha juu, akanionyesha. Nguzo yangu ya kamba ya nguo, bomba la chuma nililolichomelesha mwenyewe, ilitupa kivuli pembeni mwa paneli hadi karibu saa tatu. Kivuli hicho ndicho kilichokuwa kikikata kidato.

"Nihamishe?" nilimuuliza, nikiwa sina nia yoyote ya kuhamisha.

"Acha. Hao tunaowapimia nao wana nguzo zao."

Basi asubuhi zake zote zilikuwa na nguzo yangu. Mchana, jua likiwa juu, kivuli kilikuwa kimeshahama na mkunjo wa saa nane ulitoka safi. Waliokuwa wakijua hayo ni watu wawili.

Sasa niseme habari za Dogo, na nitazisema kama zilivyo.

Dogo ni mdogo wake wa mwisho. Ana mvi na watoto watatu, lakini jina halikumtoka. Alikuja kwetu akiwa darasa la sita, mama yao alipofariki, na mimi ndiye niliyemwekea sahani na kumfundisha sehemu na desimali mezani petu. Alikuwa mwepesi wa kuelewa na mwepesi zaidi wa kuchoka. Alipomaliza chuo akakaa bila kazi mwaka na nusu, nilimwendea mume wangu.

"Kituoni kwenu hawahitaji mtu?"

"Wanahitaji mtu. Hawahitaji Dogo."

"Ni damu yako."

"Ndiyo maana namjua."

"Mchukue, umshike mkono. Usimwache hata akikosea."

Maneno hayo ni yangu. Nimeyakumbuka mara nyingi mwaka huu.

Alimchukua. Miaka ikaenda. Dogo alivaa vizuri, aliongea vizuri na wageni, mkurugenzi akampenda. Hakuwahi kupanda juu ya paa letu asubuhi hata siku moja, kwa maelezo kwamba baridi inamshika kifua. Mume wangu alipougua figo na kulazwa mwezi mzima, Dogo ndiye aliyeachiwa chumba. Alikuja wodini kila jioni na machungwa. "Kaka, usijali, mambo yanakwenda," alisema, na manesi wakaniambia nina shemeji wa kuonewa wivu.

Mume wangu alirudi kazini wiki mbili tu. Kisha akarudi wodini, na safari hiyo nilitoka mimi peke yangu. Kituo kilimzika kwa heshima. Wakabandika kibao cha shaba kwenye mlango wa chumba chake, chenye jina lake kamili, jina letu, na mimi nikakifuta vumbi kwa leso mbele ya wote. Sioni haya kusema nilijisikia mrefu siku ile.

Baridi ilipoingia, miezi saba baadaye, inveta zikaanza kupasuka. Zilikuwa za kundi moja, mia moja na ishirini, zilizopimwa kituoni kwao. Tisa zilipasuka wiki ya kwanza, zote kati ya saa moja na saa mbili asubuhi. Katika zahanati moja mlinzi alikwenda kutazama moshi unatoka wapi, na mkono wake wa kulia ukaungua hadi kwenye kiwiko.

Habari hizo hazikunifikia kutoka kwa shemeji yangu. Aliyezileta ni mhandisi, msichana aliyeajiriwa kushika nafasi ya mume wangu. Alikuja mchana wa Jumamosi akiwa na bahasha, akakaa ukingoni mwa kiti kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Mwalimu, naomba usiseme nimekuja."

"Bado sijajua umekuja kufanya nini."

Alinieleza. Kamati ya kituo ilikuwa imekaa. Ilikuta kwamba jedwali lililomo kwenye mashine kwa jina la Asubuhi Baridi halikuwa la baridi hata kidogo. Ripoti ya majaribio ilikuwa na saini ya marehemu. Kamati ikaandika kwamba marehemu, kwa sababu ya ugonjwa na macho kudhoofika, aliingiza jedwali kimakosa siku zake za mwisho, na kwamba kosa hilo liligusa kreti ya mwisho tu ya kundi lile. Hizo nyingine zingebaki zilipo.

"Nani alisema macho yake yalidhoofika?"

Alitazama mikono yake. "Shemeji yako. Kamati ilimuuliza, akasema kaka alikuwa amechoka, alikuwa anachanganya namba. Kibao wamekitoa jana."

Mume wangu alisoma maandishi ya dawa bila miwani hadi siku ya mwisho.

"Mimi siamini," aliendelea, "lakini sina cha kushika. Jedwali la zamani limefutika, hili limehifadhiwa juu yake kwa jina lilelile. Sijui la kweli lilikuwaje."

Akatoa karatasi kwenye bahasha. Ilikuwa picha ya mkunjo uliotoka kwenye mashine. Niliishika sekunde chache tu. Ulikuwa umelala safi toka mwanzo hadi kwenye goti, bila kidato, ukaishia volti mia tatu na arobaini. Paneli kumi zilizounganishwa, kila moja volti thelathini na nne. Sikuhitaji daftari.

"Huu ni wa saa nane mchana," nilimwambia. "Na huu hakuuchapa kwa kukosea. Mtu hakosei alama sitini zote kwa mpangilio. Umechukuliwa mzima na kubandikwa jina la mwingine. Njoo nikuonyeshe nguzo."

Alipoondoka nilimpigia Dogo simu, nikamwambia nataka kumwona kesho yake alasiri, bila mkewe.

Alikuja amevaa shati la kanisani. Alikaa kwenye kiti cha kaka yake, akaniona namwangalia, akahamia kwenye kochi.

"Shemeji, habari za hapa."

"Za hapa unazo wewe."

Nilimwekea chai, kwa kuwa katika nyumba hii mgeni hakai na mikono mitupu, hata awe nani. Kisha nikaweka mezani karatasi mbili, ile ya mashine na moja ya kwangu ya penseli.

"Bonde liko wapi?"

Akatazama. "Shemeji, haya mambo ni ya kitaalamu kidogo."

"Nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja. Nimekufundisha wewe, tena kwa tabu. Usinieleze utaalamu. Bonde liko wapi?"

"Lile bonde nilidhani kaka alikosea kupima."

"Lile bonde ni nguzo yangu ya nguo. Ungepanda juu hata asubuhi moja ungelijua."

Alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari ndani. Halafu akasema, na sauti yake ilikuwa ileile ya darasa la sita. Kaka yake alikuwa wodini. Mkurugenzi alitaka lile kundi litoke Ijumaa. Dogo aliingiza mkunjo wa asubuhi kama ulivyokuwa, akawasha, na sampuli ya kwanza ikapasuka dakika ile ile, moshi ukajaa chumba. Akaogopa ataambiwa ameiharibu mashine. Akaweka sampuli ya pili, akachukua jedwali la saa nane, akalihifadhi kwa jina la asubuhi, na sampuli ikapita.

"Nilitaka waone kwamba hata mimi naweza," alisema. "Nilitaka kile kiti, shemeji. Maisha yangu yote mimi ni Dogo."

"Hilo ni la siku ile. Nieleze la kamati. Nani alikutuma ukaseme macho ya kaka yako?"

"Waliuliza."

"Ukawajibu."

"Marehemu hafukuzwi kazi. Mimi nafukuzwa."

Alisema hivyo kwa utulivu kabisa, kama mtu anayetoa hesabu aliyoihakikisha. Mtoto niliyemkunjia blanketi.

"Madaftari yake ninayo," nilimwambia. "Kesho nayapeleka."

"Utampeleka nani, shemeji? Jina langu na lake ni moja. La binti yako pia ni hilo hilo. Ukinivua nguo mimi umewavua wote. Na kaka mwenyewe alijua."

"Usimsingizie mtu aliye kaburini. Umeshamsingizia mara moja, inatosha."

"Tazama daftari la kijani. Mwishoni."

"Maliza chai," nilisema, "halafu utoke."

Akaimaliza, akatoka. Kikombe alikipeleka jikoni mwenyewe, kama nilivyomlea.

Daftari la kijani ndilo lililokuwa la mwisho. Nilikuwa sijalifungua tangu msiba, kwa sababu nilijua mikunjo yote iliyomo, nilikuwa nimeichora. Nilifungua toka nyuma. Kulikuwa na kurasa tupu, halafu ukurasa mmoja usio na namba, mistari michache tu kwa mwandiko wake wa herufi zilizosimama wima.

"Asubuhi Baridi iliyomo kwenye mashine si yangu. Haina nguzo. Dogo ameweka ya saa nane juu yake. Mzigo umeshatoka wote. Nimemuuliza, amelia. Nimesaini. Mwalimu asijue."

Chini yake tarehe. Niliikumbuka siku ile, kwa sababu ilikuwa Jumatano na mimi nilikuwa nimechonga penseli na kutandaza karatasi mapema, nikifurahi kwamba amerudi kazini. Alikuja, akala, akasema chakula kitamu. Nilimuuliza namba ziko wapi. "Leo hakuna namba," alisema. "Pumzika." Nami nikapumzika. Tukakaa barazani tukizungumza habari za binti yetu, na alicheka, nakumbuka vizuri kwamba alicheka.

Dogo alinikosea kama watu wanavyokoseana. Nilijua udhaifu wake tangu akiwa na meno ya utoto, na aliyejua udhaifu wa mtu hashangai sana. Lakini yule mwingine nilikuwa nimelala naye chumba kimoja miaka thelathini na minne. Nilidhani hakuna mkunjo wake nisiouchora. Kumbe uliokuwa muhimu kuliko yote alinikalia nao kimya mezani, ananipitishia chumvi. Na kilichonichoma zaidi ni kwamba najua kwa nini. Alijua ningekataa. Alijua ningempandisha kwa mkurugenzi siku ile ile, mgonjwa hivyo hivyo, mia moja na ishirini zote zikarudishwa. Akachagua kunilinda nisiwe mtu wa kumshitaki ndugu yake, na kwa kunilinda akanifanya mjinga, nikafuta kibao kwa leso.

Wembe nilikuwa nao pale pale, wa kuchongea penseli. Ukurasa ule ungetoka bila kuacha alama. Mkunjo wa kweli ulikuwa kurasa nyingi mbele yake, na wenyewe ungetosha kuonyesha kwamba jedwali la uongo halikuwa lake. Angetoka safi. Kibao kingerudi mlangoni, Dogo angepata alichokitafuta, na mimi ningebaki mjane wa mtu asiyekosea. Nilishika wembe muda ambao sipendi kuusema.

Lakini mtu akiuliza swali moja tu, jibu langu lingekuwa na shimo. Mzee alirudi wiki mbili, alisaini, je, hakuona? Mtu aliyejua kivuli cha nguzo kwa nusu volti? Wangesema hakuona kwa sababu macho yalikuwa yamekwisha, na tungekuwa tumerudi kwenye ule uongo wa kreti ya mwisho. Zile nyingine zingebaki ukutani kwenye zahanati, zikisubiri asubuhi. Nilimfikiria yule mlinzi ambaye simjui. Huenda naye ana mke anayemfunga vifungo vya shati siku hizi.

Nilichonga penseli. Nikachora mikunjo miwili kwenye karatasi moja, wa baridi na wa saa nane, nikaandika tarehe pembeni.

Kituoni nilipita mbele ya mlango wake. Kibao kilikuwa kimeacha mstatili safi na matundu manne ya skrubu. Mkurugenzi alinipokea kwa mikono miwili.

"Mama, pole sana. Hukuwa na haja ya kujisumbua, tungekuja nyumbani."

"Hamkuja," nilimwambia. "Naomba mhandisi akae kwenye mashine. Na naomba sampuli moja ya inveta mliyobakiza ghalani, ya kreti ya kwanza, si ya mwisho."

Walitazamana, wakaileta. Kamati ilikaa nyuma ya dirisha la kioo. Dogo alikuwa mwisho wa benchi, na shati lile lile. Nilifungua daftari nikaanza kumsomea yule mhandisi, alama moja moja, kama nilivyokuwa nikisomewa mimi. Alichapa bila kuinua kichwa. Kwenye alama ya kumi na tisa mstari kwenye kioo ukashuka kidato, akageuka kunitazama, nikamwambia endelea. Mkunjo uliishia volti mia tatu na tisini na tano. Akaupa jina, akabonyeza.

Feni ya Jua la Kabati ilivuma. Inveta iliwaka taa ya kijani, ikakaa hivyo labda dakika moja, kisha ikatoa mlio kama chupa iliyodondoka sakafuni. Moshi ukapanda taratibu.

"Hii ni ya kreti ya kwanza," nilisema. "Hakuna hata moja iliyopimwa kwa baridi."

Mkurugenzi alivua miwani. "Basi nani aliweka lile jedwali jingine?"

Niligeuka kumtazama Dogo, nikasubiri. Darasani niliwahi kusubiri hivyo, unajua nani kavunja dirisha na unampa nafasi ainue mkono mwenyewe ili abaki na kitu. Nilisubiri kwa muda mrefu. Nilikuwa tayari, angetamka neno moja tu, kufunga daftari na kusimama upande wake.

"Aliyesaini ni kaka," alisema, akiangalia viatu.

Basi nikafungua mwishoni, nikasoma. Nilisoma kwa sauti ya darasani, tarehe kwanza, halafu mstari mmoja baada ya mwingine, hadi "nimesaini". Maneno mawili ya mwisho sikuyasoma. Hayo hayakuwa ya kituo. Kisha nikampa mkurugenzi daftari lenyewe, zima, akayaona na akajifanya hakuyaona, na kwa hilo namshukuru.

Inveta zote ziliteremshwa kabla mwezi haujaisha. Dogo alimwaga unga, kazi ikamtoka. Mkewe tukikutana sokoni anakumbuka ghafla alichosahau upande wa pili. Wajomba walikuja watatu, wakakaa, wakasema nimemuuza ndugu na nimemfukua mume. Niliwawekea chai. Mmoja akaniuliza nimepata faida gani, maana kibao hakikurudi. Kweli hakikurudi, wala sikukiomba. Mtu aliyesaini hastahili kibao. Nilimwambia hivyo mjomba, naye akaniangalia kana kwamba nimemtukana mama yake.

Naandika haya kwa sababu wajukuu watasikia, na nataka wasikie kwangu. Babu yenu alikuwa fundi hodari kuliko wote niliowajua, na alijua alichokuwa akisaini.

Asubuhi za baridi yule mhandisi huja. Anapanda juu na mita zake, mimi naandika. Siku ya kwanza aliangalia nguzo, akaniuliza kwa adabu kama haingekuwa bora kuihamisha. Nikamwambia aiache. Halafu tunashuka, tunakaa mezani kuchora, na juzi meza ikacheza alipokuwa akitia alama kwenye goti, penseli ikaruka.

"Samahani, Mwalimu. Hii meza ina shida."

"Ni mguu," nilimwambia. Niliinuka, nikateremsha fremu ukutani, nikatoa ile barua, nikaikunja mara nne. Mikunjo ya zamani ilikuwa bado ipo, pasi haikuiondoa. Niliinama nikaisokomeza mahali pake, na tukaendelea kuchora.